Chora Kwanza, Picha Baadaye

Mtu anayechora kwa mapenzi yake, jioni baada ya kazi au siku za mapumziko, kwa kawaida huanza na kimojawapo kati ya vitu viwili: albamu ya familia, au simu iliyojaa picha za safari. Amekwenda Kigoma kwa treni, amevuka kwenda Unguja kwa boti, au amekatiza tu Mtaa wa Kongo, Kariakoo, mkesha wa Idi akarudi nyumbani na picha chungu nzima. Anachagua moja, anaiegemeza ukutani na kuanza kuinakili. Baada ya siku kadhaa kila kitu kipo mahali pake. Treni inafanana na treni, bahari inafanana na bahari, lakini mwenyewe akiitazama kazi yake haioni safari aliyoifanya. Anajihukumu kwamba hana kipaji, anazifungia brashi kabatini. Makala haya yana hoja moja: tatizo la mtu huyu ni mpangilio wa kazi, na kipaji hakihusiki. Picha imeitwa mapema mno. Ushauri ninaoutoa kwa yeyote anayetaka kugeuza kumbukumbu na picha za zamani kuwa sanaa ni kwamba achore kwanza anachokikumbuka, kisha afungue picha na kuiuliza maswali, na mwishoni aifunge tena ili amalizie kazi kwa uamuzi wake mwenyewe.

Hoja hii ina ushahidi, na tuanze na kamera yenyewe. Mwaka 2014 mtafiti wa saikolojia Linda Henkel, wa Chuo Kikuu cha Fairfield nchini Marekani, alichapisha matokeo ya majaribio aliyoyafanya katika makumbusho ya sanaa. Wanafunzi walitembezwa humo wakaambiwa baadhi ya vitu wavipige picha, na vingine wavitazame tu. Siku iliyofuata walipoulizwa, vile walivyovipiga picha walivikumbuka kwa shida kuliko vile walivyovitazama kwa macho. Huenda akili ikijua kwamba kamera imeshika zamu, nayo hupumzika. Lakini palikuwa na jambo la kutia moyo: waliosogeza lenzi karibu na kupiga sehemu moja tu ya kitu hawakupata hasara hiyo, na hata sehemu zilizobaki nje ya picha walizikumbuka. Yaelekea kilichowaokoa ni uangalifu, kwa kuwa walilazimika kuelekeza macho kwenye sehemu mahususi. Kwa mchoraji hilo ni fundisho la kufanyia kazi tangu safarini. Badala ya picha thelathini za stesheni nzima, piga kishikio cha dirisha la behewa, mkono wa muuza kahawa ulioshika birika, au kona ya mkokoteni iliyokwanguka rangi. Kisha iweke simu mfukoni, toa daftari dogo, uchore mistari michache hata kama ni mibovu. Mchoro mbovu uliochorwa pale pale una thamani, kwa sababu ili kuuchora ilibidi utazame.

Historia ya uchoraji nayo inashuhudia. Mfaransa Eugène Delacroix alikwenda Morocco mwaka 1832, miaka kadhaa kabla upigaji picha haujatangazwa kwa umma. Alirudi na madaftari yenye michoro ya harakaharaka na maelezo ya rangi, na safari ile moja ikamlisha kazi kwa miaka yake yote iliyobaki. Mwaka 1853, zaidi ya miaka 20 baadaye, aliandika katika shajara yake kwamba alianza kupata kitu cha maana kutokana na safari ya Afrika pale tu alipokwisha kusahau mambo madogomadogo na kubaki na yale yaliyomgusa. Karibu na kwetu yupo Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, aliyesoma Makerere na kisha London, akawa pia balozi wetu Uingereza baada ya uhuru. Aliishi miaka mingi mbali na Kilimanjaro, lakini migomba, njia za vijijini na shughuli za Wachaga hazikutoka katika kazi zake. Mchoro wake wa mwaka 1956 unaoonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku umehifadhiwa katika Makumbusho ya Sanaa za Kisasa jijini New York. Watu wake ni wadogo, sura zao hazina maelezo mengi, lakini mpangilio wa miili na miti unakuambia huyu anajua anachokisema. Na yupo Edward Saidi Tingatinga, aliyetoka Tunduru akaja Dar es Salaam, na mwaka 1968 akaanza kuchora wanyama kwa rangi za kung'aa kwenye vipande vya hadibodi. Hakuwa na simba wala chui wa kumtazama jijini. Yaelekea alichora wanyama wa kichwani, na pengine ndiyo maana macho yao yanakutazama namna ile.

Sababu nyingine ya kutoianza kazi na picha ni kwamba kamera haioni kama mtu aonavyo. Lenzi ya simu kwa kawaida ni pana: kilicho karibu hukikuza, kilicho nyuma hukisukuma mbali. Simama Kariakoo, pale Mtaa wa Msimbazi unapokutana na Mtaa wa Uhuru, saa za watu kurudi nyumbani. Mwili wako unahisi umebanwa, bega la kuli linakugusa, bajaji inapita karibu na vidole vya miguu. Piga picha uone. Mbele kuna eneo pana la lami, vichwa vya watu ni vidogo kwa mbali, na ghorofa za pembeni zimeinamiana. Ule msongamano umeyeyuka. Angalia pia mwanga. Dar es Salaam ipo chini ya digrii 7 kusini mwa Ikweta, na jua hupita utosini mwanzoni mwa Machi na tena kuelekea katikati ya Oktoba, vivuli vya saa sita mchana vikakaa chini ya nyayo. Mwanga mkali namna hiyo kamera mara nyingi huuwezea upande mmoja tu. Ikiipendelea barabara, waliokaa ndani ya maduka wanakuwa weusi tii; ikiwapendelea wao, anga linageuka jeupe kama karatasi. Jicho lako linahama kutoka mwangani kwenda kivulini bila wewe kujua, na muuza vitambaa aliyekaa ndani ya duka lake unamwona vizuri: futi ya kupimia shingoni, majora yaliyosimamishwa nyuma yake, na feni inayotikisa ncha za vitambaa. Picha itakuambia pale pana giza. Ukiinakili hivyo, utakuwa umechora upungufu wa mashine na kumwacha nje mtu uliyemwona.

Picha za zamani zina mitego yake zaidi. Katika picha nyingi za rangi za miaka ya 1970 na 1980 rangi hazififii kwa mwendo mmoja, ndiyo maana albamu za wakati huo zimeelekea wekundu na chungwa. Mchoraji asiyejua hilo atachora bahari ya kahawia na majani yaliyokauka, kisha aamini kwamba ndivyo ilivyokuwa. Picha za nyeupe na nyeusi ndizo za kutilia shaka zaidi. Kuna filamu za zamani ambazo hazikuhisi wekundu kabisa, na kila kilichokuwa chekundu kilitoka cheusi. Tuseme una picha ya bibi amesimama kwenye baraza akiwa amejifunga kanga ya kisutu. Kisutu kina nyekundu, nyeusi na nyeupe. Katika filamu ya aina hiyo nyekundu na nyeusi zitaungana kuwa weusi mmoja, na kanga ya harusi itaonekana kama vazi la msiba. Kosa hilo hutaliona kwa kuikodolea macho picha. Linarekebishwa na mtu anayekumbuka, au na wewe mwenyewe ukijua kanga za kwenu. Tena picha nyingi tunazoziita za kweli zilikuwa zimetungwa tangu siku zilipopigwa. Wapiga picha wa Likoni, Mombasa, waliwasimamisha wateja mbele ya mapazia yaliyochorwa meli na ndege, na mtu ambaye hajawahi kupanda ndege akapata picha ya safari. Hilo si ulaghai. Linatukumbusha kwamba hamu ya safari nayo ilistahili kuchorwa, na kwamba picha ya albamu tayari ni kazi ya mikono ya watu.

Msomaji makini atanipinga hapa. Kumbukumbu nayo inadanganya, na pengine inadanganya kuliko kamera. Ni kweli. Tunahamisha matukio kutoka mwaka huu kwenda ule, tunawakuza watu, tunawavisha nguo ambazo hawakuwa nazo. Ndiyo sababu siiondoi picha kazini, naipangia nafasi ya pili tu. Kosa la kumbukumbu likishakaa kwenye karatasi unaweza kuliona na kuliamua. Kosa la kamera ukilinakili hulioni kabisa. Yapo makosa ya kurekebisha na yapo ya kuachwa. Chukua mfano wa jengo la Soko la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1975. Paa lake ni la maumbo ya zege yaliyopanuka juu na kusimama kila moja kwenye mguu wake, mithili ya miti mikubwa ya kivuli ambayo masoko yetu yalianzia chini yake. Mtu aliyeingia humo akiwa mtoto, ameshikwa mkono na mama yake, huenda akayachora maumbo hayo marefu kupita kiasi. Akiongeza nguzo ambazo hazikuwepo au akaliezeka paa kwa vigae, hilo ni kosa la habari na alisahihishe. Lakini urefu ule wa ajabu ni ukweli wa mtoto aliyekuwa akitazama juu. Auache, tena auongeze kwa makusudi. Moto uliounguza soko hilo Julai 2021 ulitukumbusha kwamba hata jengo la zege linaweza kutuondokea usiku mmoja, na huenda picha nyingi zilizopo zinalionyesha kwa nje. Kwa waliokulia humo ndani, mengi yamebaki vichwani mwao peke yake.

Sasa tuingie kwenye kazi. Hatua ya kwanza ifanyike albamu ikiwa imefungwa na simu ikiwa chumba kingine. Chagua tukio moja, dogo kadiri iwezekanavyo. "Safari ya Kigoma" ni kubwa mno. "Asubuhi tulipoamka treni imesimama porini" inatosha. Andika kwa maneno ya kawaida unayoyakumbuka, na usianze na kilichoonekana. Anza na joto au baridi, harufu, sauti, na mahali mwili wako ulipokuwa: ulikaa, ulisimama, ulibanwa na nani. Kisha jiulize ni kitu gani kimoja ambacho kikiondolewa tukio hilo linakufa. Huenda ni mwanga mwembamba ulioingia chini ya pazia la behewa, au mama aliyeinua beseni la ndizi hadi dirishani. Hicho ndicho kiini cha kazi yako. Chora michoro mitano au sita midogo, mmoja usizidi ukubwa wa kiganja, ukitumia penseli na maumbo makubwa tu: giza liko wapi, mwanga uko wapi, kiini kimekaa wapi. Usichore sura za watu, usichore madirisha yote. Ukubwa wa kiganja unakulinda, kwa sababu karatasi ndogo haina nafasi ya mambo madogomadogo. Mchoro mmoja kati ya hiyo utakuwa na uhai kuliko mingine. Huo ndio ramani yako, na kuanzia hapo kila kitu kitapimwa kwa huo.

Hatua ya pili ni kuifungua picha na kuihoji. Maswali yawe mahususi: behewa lilikuwa na milango mingapi upande huu? Kofia ya babu ilikaaje? Mkono ulioshika beseni ulipindaje kwenye kiwiko? Picha ni hodari sana kwa maswali ya aina hii. Andika majibu pembeni ya mchoro wako, kisha uliza yale isiyoweza kuyajibu: nyuma ya mpiga picha kulikuwa na nini, nani alikuwa ameshika kamera, kabla ya kubofya watu walikuwa wakifanya nini, na kwa nini huyu mmoja hakutazama mbele. Hapo unahitaji watu. Kaa na shangazi, babu au jirani wa siku nyingi, mpe picha mkononi, usimuulize "unakumbuka nini?" maana swali pana humfunga mtu mdomo. Muulize kitenge kilikuwa cha rangi gani na mlango ule ulitazama wapi. Nyumba za Kiswahili za Kariakoo, zenye baraza mbele, korido katikati, vyumba pande mbili na uani nyuma, zimekuwa zikibomolewa moja baada ya nyingine kupisha ghorofa, na watu wanaojua mwanga wa uani ulivyokuwa saa kumi jioni bado tunao. Ikiwezekana rudi pia mahali penyewe, saa ile ile na majira yale yale. Hata nyumba ikiwa haipo, jua linaingia mtaani kwa upande ule ule, na jioni ya Dar es Salaam bado ni fupi: giza hushuka upesi, na rangi ya anga hubadilika ukiwa umesimama.

Katika kuzishika picha zenyewe, uangalifu ni wa lazima, kwa sababu joto na unyevu wa pwani huzila. Picha iliyoganda kwenye kioo cha fremu usiibandue. Ipige ikiwa humo humo, kivulini karibu na dirisha, bila mwanga wa kamera, ukiwa umeiinamisha kidogo ili kioo kisirudishe mng'ao. Fanyia kazi nakala, na ile ya asili irudi bahashani mahali pakavu. Angalia nyuma yake kabla hujaiweka. Muhuri wa studio, mwaka, au maneno mawili ya mwandiko wa mtu vinaweza kukupa habari ambayo upande wa mbele hauna.

Hatua ya tatu ni kuifunga picha tena na kutunga. Hapa ndipo wengi hushindwa, kwa kuwa wanaona haya kuondoa kitu kilichokuwepo kweli. Ondoa bila kuona haya. Nguzo ya umeme iliyomchomoza mtu kichwani haina haki ya kubaki kwa sababu tu kamera iliinasa. Waweza kuunganisha picha tatu, ukachukua mtu kutoka moja, mwanga kutoka nyingine na mlango kutoka kwenye kumbukumbu, ili mradi mwanga wote uje kutoka upande mmoja, maana jicho la mtazamaji husamehe mengi lakini vivuli vinavyokwenda pande mbili halivisamehe. Punguza rangi pia. Nyekundu moja, njano moja, bluu moja, nyeupe, na kahawia iliyokolea vinatosha kazi nzima, na mchanganyiko wake utashikamana wenyewe kwa wenyewe. Kivuli usikipake rangi nyeusi tupu. Vivuli vya mchana wa Kariakoo vimejaa rangi zinazorudishwa na vitambaa, mabati na matunda, na kivuli kilicho karibu na meza ya maembe kina joto la njano ndani yake. Hicho kamera haikukuonyesha, lakini jicho lako lilikiona.

Pingamizi jingine ni la wanaosema: mimi bila kufuatisha picha siwezi kuchora hata mkono. Wana haki ya kuuliza, na jibu langu si kuwanyima msaada. Sura ya mtu anayejulikana ni ngumu, na ndugu wakisema "huyu si yeye" mchoro umeanguka. Kwa hiyo pale panapohitajika mfanano, piga miraba: gawa nakala ya picha kwa mistari iliyonyooka, gawa sehemu hiyo ya mchoro wako kwa idadi ile ile, uhamishe mraba kwa mraba. Ni njia ya karne nyingi, na haina aibu. Ninachokataza ni kuipigia miraba picha nzima tangu mwanzo, maana hapo unakuwa umekubali mpangilio wa kamera kabla hujaleta wako. Miraba itumike kwa uso na mikono, ndani ya mchoro uliokwisha kuupanga. Na kila unapomaliza sehemu hiyo, geuza nakala kifudifudi, uchore uso ule ule mara moja bila kuutazama. Ukifanya hivyo mfululizo kwa miezi michache, utapunguza kuitegemea miraba kidogo kidogo hadi uitumie kwa hiari yako.

Wapo pia watakaosema vifaa vya uchoraji ni ghali. Ni ghali kweli, lakini historia ya jiji hili imekwisha kujibu. Mtindo wa Tingatinga, unaojulikana sasa duniani, ulizaliwa kwenye hadibodi za ujenzi na rangi za kupakia baiskeli. Hadibodi unaipata kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, na kitambaa cha amerikani kipo Kariakoo kwa wauza majora. Hadibodi ipigwe msasa kidogo, ipakwe rangi nyeupe ya maji mara mbili mbele na mara moja nyuma, maana ikipakwa upande mmoja hupinda kwa unyevu. Rangi ya mafuta ya kung'aa ni rahisi na inadumu, ila ina mvuke mkali: chora uani au karibu na dirisha lililo wazi, na watoto wakae mbali. Ukiwa na akriliki, jua kwamba katika joto letu hukauka haraka mno, basi kamua kidogo kidogo na uwe na kitambaa kibichi cha kufunikia. Na kumbuka hili: akriliki haishiki vizuri juu ya rangi ya mafuta, itabanduka. Ikilazimu kuzitumia zote mbili, akriliki itangulie chini. Mazoezi yote ya kumbukumbu yafanyie kwenye manila au hata upande wa nyuma wa kalenda ya mwaka jana.

Pingamizi la soko ni zito zaidi. Mgeni anayenunua anataka simba, mlima wenye theluji na Wamasai machweo. Nani atanunua asubuhi ya treni iliyosimama porini? Anayechora ili kula ana hesabu zake, na simlaumu. Lakini anayechora kwa mapenzi ana uhuru ambao mwenye biashara hana, na ni hasara kubwa kuutupa kwa kuiga michoro ya wauzaji. Tingatinga mwenyewe alijitengenezea mtindo wake. Waliomfuata ndio waliorithi simba wake, na walio bora miongoni mwao ni wale walioingiza maisha waliyoyajua, kama hospitali, harusi na mitaa. Nenda Makumbusho ya Taifa Mtaa wa Shaaban Robert, nenda Oysterbay kwa chama cha ushirika cha Tingatinga, nenda Nafasi Art Space kule Mikocheni, utazame kwa jicho hilo. Kazi zinazokusimamisha ni zile ambazo mchoraji alikuwa na jambo ambalo wewe hukulijua.

Mwisho kuna suala la haki na heshima. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mpiga picha kama inavyomlinda mwandishi, na picha kusambaa mitandaoni hakuifanyi kuwa ya kila mtu. Picha ya mwingine ukitaka kuichora na kuiuza, omba ruhusa. COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki nchini, wapo kwa ajili ya kuulizwa. Hii nayo ni faida ya njia ninayoishauri: anayeanza na kumbukumbu yake hategemei utungo wa mtu mwingine. Wafanyabiashara na wachukuzi wa Kariakoo nao si mapambo. Muombe mtu kabla hujampiga, na ukimchora mpe nakala. Kuhusu picha za enzi ya Wajerumani, kama zile nyingi za mpiga picha Walther Dobbertin, zitumie kwa tahadhari. Zinaonyesha majengo na mavazi vizuri, lakini aliyeshika kamera ndiye aliyeamua nani asimame katikati na nani abaki mzigo kichwani bila jina. Hata Sanamu ya Askari ya mwaka 1927 pale Mtaa wa Samora, Dar es Salaam, iliyowekwa kuwakumbuka askari na wapagazi wa Vita ya Kwanza ya Dunia, imemsimamisha askari juu kabisa. Mchoraji wa leo hana sababu ya kurudia uamuzi huo. Anaweza kumsogeza mpagazi mbele.

Ukimaliza kazi, andika nyuma yake kwa kalamu isiyofutika: mahali, mwaka wa tukio, majina ya waliomo kwa ridhaa yao, na nani alikusimulia nini. Kisha anza nyingine. Usisubiri ujue kuchora vizuri ndipo uende kwa wazee, kwa maana ustadi unaweza kuja baadaye lakini msimulizi hatakungoja. Wiki hii chagua picha moja ya zamani nyumbani kwenu, ifunike, uchore unachokikumbuka, na Jumapili umpelekee anayejua zaidi yako akusahihishe.